Niandikeje, mama? Vikao vya video kutoka stoo ya korosho

Mwezi wa pili 2024, mvua ikiponda bati mpaka mtu anamkelelea jirani yake ndipo asikiwe, niliagiza katoni 50 za korosho zibanguliwe, zimenywe, zipangwe madaraja na kufungwa. Mnunuzi alitaka 15.

Katoni moja kwetu ni mifuko miwili ya ratili 25, yaani kilo 22 na ushee. Piga hesabu mwenyewe. Mtu kaomba kilo 340, nimemwandalia zaidi ya tani moja, na mikono ya kina mama imeshaungua na mafuta ya maganda kwa ajili ya kilo ambazo hazina mwenyewe.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama wanaobangua korosho, upande wa Newala. Wote ni wakubwa kwangu. Mwenyekiti wetu ni rika la mama yangu na huniita "mwanangu" hata akiwa amekasirika. Mnunuzi ni Mholanzi wa miaka thelathini na kitu, Kiswahili chake cha kuokoteza. Kila Alhamisi saa kumi jioni tulikuwa tunakutana kwa Zoom: yeye ofisini kwake, dada wa mizigo Dar es Salaam, na sisi tisa tumeizunguka laptop moja. Kila neno linapita kwangu. Kiingereza kinaingia, Kiswahili kinatoka, halafu kinyume chake. Kwa hiyo kosa lilipotokea hapakuwa na haja ya kumtafuta mchawi.

Kwa Kiingereza, kumi na tano na hamsini (fifteen na fifty) zinatofautiana mkiani tu, na mkia wa neno ndio mtandao mbovu unaoula kwanza. Lakini hilo si kosa lenyewe. Mimi nilirudia nilichosikia, nikasema hamsini. Yeye akasikia kumi na tano, kwa sababu ndiyo aliyokuwa anaitarajia, akasema sawa. Nikawageukia kina mama: katoni hamsini, tutaweza? Kimya kidogo, halafu mwenyekiti akasema, "Sawa." Pande zote mbili zimesema sawa, kikao kimefungwa, kila mtu ameondoka na namba yake.

Shehena ya ziada ilipokuwa imerundikana stoo, ndipo mwenyekiti akaniambia alishangaa tangu siku ile. "Mwezi uliopita katoni kumi, leo hamsini? Nikasema huyu mtoto anajua anachofanya." Kwa nini hukuuliza, mama? "Ningekuulizaje mbele ya mgeni?"

Hapo ndipo nilipoanza kuiogopa hii sawa yetu. Kuna sawa ya nimekubali, kuna sawa ya nimesikia, endelea, na kuna sawa ya sitaki kukuaibisha mbele za watu. Tukiwa tumekaa mkekani unazitofautisha kwa macho, kwa jinsi mtu anavyovuta kanga begani. Kwenye kioo cha laptop, watu tisa kwenye kijidirisha kikubwa kuliko kiganja kidogo tu, zote zinafanana.

Nilijaribu kwanza dawa ya kwenye semina: baada ya kila jambo, unamtaka msikilizaji arudie alichosikia. Kwa yule kijana ilifanya kazi. Kwa kina mama ilikuwa balaa. Utamwambiaje mtu aliyekuzidi miaka thelathini, "Haya, mama, nimesema nini?" Nilithubutu mara moja. Mhazini wetu akaniangalia kama mtoto aliyepita mbele ya wakubwa bila kuamkia, akajibu, "Kwani wewe mwenyewe umesahau?" Wote wakacheka, mimi nikanywea.

Kilichonitoa ni daftari. Siku moja nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao, kalamu ikiwa juu ya karatasi, nikamuuliza mwenyekiti bila kufikiri: "Niandikeje, mama?" Akakaa sawasawa kwenye kiti, akanisomea taratibu kama anayesomesha hati ya shamba: "Andika, tumekubali kupeleka daraja la 320, katoni kumi na mbili, gari lipite Jumatatu." Pale pale nikaona kwamba yeye alikuwa anaongelea 320 na Mholanzi alikuwa anaongelea 240. Kwa wasiozijua hizi namba, ni hesabu ya punje kwenye ratili moja: 240 ni korosho nono, 320 ni za kawaida, na bei haziko sawa. Kosa lilinaswa kikao kikiwa bado wazi, na hakuna aliyeona amepewa mtihani. Mkubwa ukimuuliza kama ameelewa, umemshusha. Ukimuuliza uandike nini, umemkalisha kwenye kiti chake.

Tangu hapo hakuna jambo linalopita bila kuandikwa kwa kauli ya mtu mwingine asiye mimi. Namba tunazitaja tarakimu moja moja: moja, tano. Mbili, nne, sifuri. Hata kwa Kiswahili nimewazoesha hivyo, maana sauti ikikatakata, thelathini na themanini zinabaki "the... ini", na sita na tisa zinageuziana herufi kama watoto pacha wanaobadilishana sare.

Sauti yenyewe ilikuwa shughuli nyingine. Ofisi yetu ni chumba cha saruji tupu na bati juu. Ukiongea humo, maneno yanazunguka ukutani kabla ya kufika kwenye maiki. Mama mmoja kwa nia njema alifungua kikao kwenye simu yake pia, humo humo chumbani, laptop na simu zikaanza kulizana mpaka mbwa nje wakabweka. Tukahamia stoo, katikati ya magunia ya korosho ghafi. Sikuwa na elimu yoyote ya sauti, nilikimbia tu mvua, maana stoo ina dari. Lakini yule dada wa Dar es Salaam aliuliza mara moja: "Leo mko wapi? Mnasikika kama redio." Magunia ya katani yanakula mwangwi kuliko zulia lolote. Hadi leo laptop yetu inakaa juu ya mizani, katikati ya magunia, na anayetaka kusema anasogea mpaka kwenye mizani. Tunamtania kwamba anakwenda kupimwa.

Picha tumeipa dakika tano za mwanzo tu, za kuonana sura. Baada ya hapo tunazima kamera. Kwa takwimu za Zoom wenyewe, sauti peke yake inahitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, na video ya watu wawili tu ikiwa safi ni kama kilobiti 600. Ukinunua bando kwa fedha ya kikundi, hesabu hiyo unaielewa haraka. Na sijawahi kuona kikao kilichoharibika kwa kukosa kuona uso wangu.

Zile dakika tano nilizipigania. Mwanzoni Mholanzi alikuwa akiingia tu, anaanza na bei. Kina mama wanatazamana. Nilimwomba aanze kwa kumsalimia kila mmoja, tena kwa shikamoo. Alidhani ni mambo ya mila tu, kumbe nilikuwa napima mitambo. Wewe ukiuliza "mnanisikia?", wanaosikia ndio watakaojibu, na asiyesikia atanyamaza bila wewe kujua. Lakini shikamoo ya mama fulani isipojibiwa marahaba, kila mtu chumbani anajua kuna hitilafu. Mpaka salamu zimalizike, nimeshajua nani anasikika vizuri, nani yuko mbali na maiki, na sauti inachelewa kiasi gani.

Hiyo ya kuchelewa ilinisumbua sana kabla sijaielewa. Nilikuwa namwona kijana wa watu hana adabu, kila mwenyekiti akitaka kujibu anakatizwa. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2009 watafiti walipima mazungumzo ya kawaida katika lugha 10, wakakuta pengo kati ya mtu kumaliza na mwenzake kuanza ni kama milisekunde 200, kufumba na kufumbua. Sasa sauti yetu ikisafiri kutoka Newala mpaka Ulaya na kurudi, pengo hilo limeshaliwa safarini. Yeye anasubiri, anaona kimya, anadhani hatuna la kusema, anaendelea. Jibu letu linafika na kumgonga katikati ya sentensi. Na zile "eeh", "naam" na "mh" tunazomsindikizia msemaji, ambazo kwetu ni adabu, kwake zilifika kama watu wanaomrukia. Tulikubaliana mambo mawili: kina mama waitikie kwa kichwa, na kila mtu akimaliza aseme "nimeishia hapo". Mwenyekiti aliona ni ya kipolisi mno. Siku hizi anaitumia hata kwenye vikao vya harusi.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika huko upande wa Afrika Kusini, intaneti ikadorora nchi nzima. Alhamisi ya wiki ile Zoom ilifunguka, ikaganda, ikafa. Nikaomba twende kwa ujumbe wa maandishi. Nilikuwa na mazungumzo ya saa nzima kichwani, yakaingia kwenye mistari sita: kiasi, daraja, bei, siku ya gari, nani analipia katoni, swali moja. Tangu hapo mistari sita inatangulia siku moja kabla, namba zote zikiwa ndani. Kikao kimepungua kutoka saa nzima mpaka dakika 30, na kinakwisha kabla Zoom ya bure haijatufukuza kwenye dakika ya 40.

Saa zilituchezea vilevile. Mholanzi alipojifunza Kiswahili kidogo, aliandika "tukutane saa 8", akimaanisha saa nane ya saa yake ya ukutani, asubuhi, ambayo kwetu ilikuwa saa tatu. Kina mama walifika saa nane mchana, wameoga na kujitanda kanga mpya, yeye ameshakata tamaa zamani. Halafu mwishoni mwa Oktoba Ulaya wakarudisha saa nyuma, sisi huku haturudishi kitu, tukakaa stoo saa nzima tukimsubiri. Sasa naandika zote mbili, saa yetu na saa yake, na siku yenyewe kwa jina.

Zile katoni 35 za ziada? Tulizifungua, tukafungasha upya kwenye vipakiti, nyingine zikaenda maduka ya Masasi na Dar es Salaam, nyingine tukaziuza Nane Nane viwanja vya Ngongo, Lindi. Hatukupata hasara kubwa ila hatukupata usingizi pia. Mwenyekiti hajawahi kunilaumu mbele ya wenzake. Anachofanya ni kuniuliza, kila nikitaja namba, "Yenye sifuri au isiyo na sifuri?"

Alhamisi iliyopita tulikuwa kwenye oda mpya. Mwenyekiti alisogea mpaka kwenye mizani, akasema kiasi tunachoweza, akamalizia, nimeishia hapo. Kimya kikapita, kile cha safari. Kisha kutoka Uholanzi, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, bila mimi kutafsiri: "Niandikeje, mama?"

"Andika mbili, sifuri," akasema mwenyekiti. "Na hiyo sifuri ikoleze."