Ameketi, Amevaa Nguo, Ana Akili Zake

Somo la juma: Marko 5:1–20

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili tunasoma habari za yule mtu wa nchi ya Wagerasi mwenye pepo mchafu, aliyekuwa akikaa makaburini. Nimeisoma nikiwawaza vijana wetu wanaotumia unga, yaani heroini, wale mtaani tunaowaita mateja. Yule mtu halali kwao. Usiku na mchana yuko milimani, analia, anajikatakata kwa mawe. Watu wamemfunga pingu na minyororo mara nyingi, akaikata.

Niseme mapema kwamba sisemi teja ana pepo. Tukishasema hivyo, tunamwombea usiku mmoja, na kesho akionekana tena maskani tunahitimisha kwamba hana imani. Uraibu ni ugonjwa, na ni vizuri waombaji tuujue.

Kwa miaka mingi heroini imetoka mbali, mashamba ya Afghanistan, na sehemu kubwa imeletwa pwani yetu kwa majahazi kupitia Bahari ya Hindi. Kijana huanza kwa kuvuta, mara nyingi ikiwa imechanganywa na bangi, na mwanzoni anapata raha kweli. Tusimdanganye kwamba hakuna raha, ameshaionja. Lakini mwili unazoea, kete moja haitoshi, na baada ya muda raha yenyewe inaisha. Kinachobaki ni kuikimbia arosto, yale mateso ya kuukosa unga.

Arosto wengi wetu tunaisikia tu. Kama saa nane au kumi na mbili tangu atumie mara ya mwisho, miayo inaanza, miayo isiyokoma. Machozi na kamasi vinatiririka. Anatoka jasho huku vinyweleo vimemsimama kwa baridi. Mifupa inauma, miguu haitulii kitandani, tumbo linasokota, anahara, anatapika, usingizi hakuna. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Na katikati ya mateso hayo anajua kwamba kete moja itayazima yote kwa dakika chache. Hapo ndipo mtungi wa gesi wa mama unapotoka nyumbani. Zilianza sufuria, ikafuata simu ya dada, halafu nguo zilizoanikwa kwa jirani. Mama anajua ni nani, ila kanisani anasema wameingiliwa na wezi.

Wengine huishia kujidunga, na wanapochangia sindano wanachangia pia virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Mke aliyeko nyumbani, ambaye hajawahi hata kuuona huo unga, naye anaingia katika hatari hiyo.

Sisi tumetumia minyororo gani? Tumewapiga. Tumewafungia chumbani wiki nzima, tumewapeleka kijijini kwa bibi, tumewapigia kelele za mwizi hadi wengine wakafa mikononi mwa watu waliokuwa wametoka ibadani. Marko anaandika kwamba hakuna aliyeweza kumfunga yule mtu tena. Nguvu zilishatumika zote. Yesu alipofika hakuomba mnyororo mwingine. Alimuuliza jina lake.

Namshukuru Mungu kwamba leo kuna matibabu. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, na baadaye Mwananyamala, Temeke na vituo vingine vikafuata. Methadoni ni dawa ya kunywa, mara moja kwa siku, kwa kawaida mbele ya mhudumu. Inafanya kazi sehemu ileile ya ubongo iliyozoea heroini, lakini taratibu, kwa hiyo arosto inatulia na mtu anaweza kwenda kazini, kula na kulala. Haimleweshi akipewa kipimo chake sawasawa. Wapo wanaoitumia miaka mingi, kama vile wazee wetu wanavyomeza dawa za presha. Basi wapendwa, nawasihi, hasa ninyi mnaoombea wagonjwa: msimwambie mtu aache dozi yake ili kuonyesha imani. Wanaoacha ghafla wengi hurudi kwenye unga, na kurudi huko kunaua.

Kunaua kwa sababu heroini hupunguza kasi ya kupumua. Aliyekaa miezi kadhaa gerezani, au kwenye zile nyumba za kupata nafuu tunazoziita soba, mwili wake umeshapoteza ule uzoefu. Akichukua kiasi chake cha zamani, pumzi inakatika. Ukimkuta mtu wa namna hiyo anakoroma vibaya, haamki, midomo imebadilika rangi, kumnywesha maziwa au kumwagia maji hakutamsaidia. Mlaze ubavu, angalia kama anapumua, mkimbizeni hospitali, na pasiwe na wa kuuliza kwanza alikuwa anafanya nini.

Sasa niwarudishe kwenye mstari wa 15, maana ndio uliosababisha niandike. Watu wa mji walipofika walimkuta yule mtu ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Wakaogopa. Alipokuwa akipiga kelele makaburini walikuwa wamemzoea. Aliyewashinda ni huyu aliyetulia. Waliposimuliwa habari za nguruwe walioingiwa na wale pepo wakafa baharini, wakamsihi Yesu aondoke mipakani mwao.

Hofu hiyo ninaiona kwetu. Tumeomba miaka mitatu Mungu amtoe kijana kwenye unga. Ametoka, amekuja ibadani na shati lililopigwa pasi, na sisi tunasogeza mikoba. Anayekusanya sadaka anapitisha kikapu haraka mbele yake. Akiomba aimbe kwaya, anaambiwa asubiri kwanza tumwone. Akisinzia kidogo wakati wa mahubiri, watu wanatazamana. Na wale wa maskani, ambao hawamwogopi, wanamwita kwa jina lake kila jioni anapopita.

Yule mtu aliomba apande chombo afuatane na Yesu, na kwa kweli mimi ningemkubalia, awe mbali na watu waliomjua akiwa uchi. Bwana akamkatalia, akamtuma nyumbani kwa watu wa kwao. Huko ndiko waliko waliomfunga, na waliopoteza nguruwe kama elfu mbili. Huko ndiko atakakoeleza jinsi alivyorehemiwa, na wao watalazimika kumsikiliza.

Kliniki kwa kawaida hutaka mgonjwa afike kila siku, na wengi hukwama kwa nauli tu: daladala mbili kwenda, mbili kurudi, na yeye hana kazi. Naomba kila jumuiya, Jumamosi hii, iulize kwa upole kama ina familia yenye mtu wa methadoni, tuone kama nauli ya juma linalokuja tunaweza kuichanga sisi. Na mwenye karakana, duka au shamba linalohitaji mtu wa nusu siku, baada ya saa za kliniki, amwone mzee wa kanisa wa eneo lake.