Kaseti za Fundi Mitambo

Jumapili, usiku.

Leo nimeshinda kwa Mzee nikimsaidia kutoa makorokoro kwenye gereji, maana mgongo wake hauinami tena. Nimerudi saa mbili usiku, mikono imejaa vumbi, na kichwani bado nasikia dramu za mwaka 1979. Naandika kabla usingizi haujanichukua.

Nilipofika Melbourne mwaka 2008, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kubeba spika kwenye ghala moja linalokodisha vyombo vya muziki. Mzee ndiye aliyekuwa msimamizi pale. Simtaji jina kwa sababu hajaniruhusu. Kabla ya ghala alikuwa fundi mitambo wa sauti kwa miaka kumi na tano, akizunguka na bendi za roki zilizokuwa zikipiga kwenye baa. Ukizungumza na Waaustralia wa rika lake kuhusu bendi hizo, utaona wanakaa vizuri kwenye kiti kwanza ndipo wajibu.

Huku baa inaitwa hoteli. Sheria za leseni za zamani zilimtaka muuza pombe awe na vyumba vya kulaza wageni, na jina likabaki hata pale ambapo halali mtu. Corner Hotel ya Richmond na Station Hotel ya Prahran hapa Melbourne, Largs Pier Hotel kule Adelaide: zote hizo Mzee anazijua kwa milango ya nyuma. Ukimuuliza jukwaa la fulani lilikuwaje, anaanza kukuhesabia ngazi za kupandisha vyombo.

Aliwahi kunieleza kwa nini muziki ule ulikuwa na kelele kiasi kile, na tangu siku hiyo sijausikia kama zamani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia majimbo kadhaa yaliamuru baa zifungwe saa kumi na mbili jioni. Watu wakitoka kazini saa kumi na moja walibakiwa na saa moja tu, wakawa wanakunywa wamesimama, bega kwa bega, kwa pupa. Wenye baa wakabandika vigae ukutani ili wakifunga waoshe kila kitu kwa mpira wa maji. Sydney waliiondoa amri hiyo mwaka 1955, Melbourne mwaka 1966. Muda wa kunywa ukaongezeka hadi saa nne usiku, vitongoji vikapanuka, baa kubwa kama maghala zikajengwa, na wenye baa wakawa wanatafuta kitu cha kumzuia mteja asirudi nyumbani mapema. Wakaleta bendi.

Sasa fikiria chumba kile: kuta ngumu, dari fupi, watu mia kadhaa waliofuata bia na wala hawakuja kukusikiliza wewe. Mwimbaji mwenye sauti ya upole alimezwa kabla hajamaliza ubeti wa kwanza. Billy Thorpe na bendi yake ya Aztecs waliitambua siri hiyo mapema, wakapandisha sauti hadi chumba kizima kikatetemeka. Wakafuata Cold Chisel, The Angels, Rose Tattoo, Midnight Oil, AC/DC. Kila mmoja na mtindo wake, ila wote walijifunzia mbele ya watu ambao, wasipokupenda, walikuambia palepale.

Mzee hakumbuki sana nyimbo. Anakumbuka uzito. Spika za besi za wakati ule zilikuwa makasha ya mbao nzito, mengi hayana magurudumu, na ilibidi watu wawili wazipandishe kwenye ngazi za dharura za chuma, mvua ikinyesha. Waliingia alasiri kupitia jikoni, wakapanga vyombo, wakajaribu maiki, wakala nyama na chipsi za kaunta, wakasubiri. Onyesho likiisha usiku wa manane wanamuziki walikwenda kujifuta jasho, na wao ndiyo kwanza kazi inaanza upya: kuchomoa, kukunja, kushusha, kupakia. Kapeti ilikuwa imelowa bia ya miaka hadi kiatu kinabanduka kwa mlio. Jasho la watu lilipanda juu likaganda darini, kisha likadondokea kwenye mitambo, kwa hiyo yeye alitandika turubai juu ya kichwa chake na ya mikseri, ile meza ya kuchanganyia sauti, akafanya kazi humo kama mtu aliyejibanza kibandani.

Baada ya hapo, barabara. Kutoka Sydney hadi Melbourne ni kama kilomita 880, na wakati huo sehemu kubwa ya Hume Highway ilikuwa njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. (Upanuzi wake ulikamilika mwaka 2013, baada ya Mzee kuacha hata kuendesha gari dogo.) Alikuwa na mwenzake, fundi wa taa, ambaye ndiye aliyeshika usukani kila safari. Mzee alilala nyuma juu ya mablanketi ya kufunikia spika. "Nilimwamini kuliko breki," aliniambia leo, akiwa amemwangalia mjusi ukutani, hakuniangalia mimi.

Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa kukunja kebo. Nilidhani kebo unaizungusha tu kwenye kiwiko, kama kamba ya kuanikia nguo. Akaninyang'anya. Akashika kichwa cha kebo kwa mkono wa kushoto, akaleta mzunguko wa kwanza kwa juu, wa pili akaupindua kidole gumba kikaelekea chini, wa tatu juu, wa nne chini, taratibu, hadi mita ishirini zikalala mkononi bila kujipinda hata mahali pamoja. Halafu akaitupa sakafuni huku ameshika ncha moja. Ikanyooka yote kama maji yaliyomwagwa. "Kebo haisahau," akasema. "Ukiionea leo, kesho inakukatikia katikati ya wimbo." Mpaka leo nikikunja hata waya wa pasi, nakunja hivyo.

Kuna jambo jingine linalonifanya niupende muziki huu, na hilo nimeligundua mwenyewe. Waaustralia wanauita muziki wao wa nyumbani kabisa, na ni kweli. Lakini angalia waliouimba. Malcolm na Angus Young wa AC/DC waliletwa na wazazi wao kutoka Glasgow mwaka 1963. Bon Scott, mwimbaji wao, naye alizaliwa Scotland. Jimmy Barnes wa Cold Chisel alitoka Glasgow akiwa mtoto mdogo, akakulia Elizabeth, mji wa kiwanda cha magari karibu na Adelaide uliojaa wahamiaji. Steve Prestwich, mpiga dramu wao, alitoka Liverpool. Doc Neeson wa The Angels, Belfast. George Young, kaka yao Malcolm na Angus, alikutana na Harry Vanda wa kutoka Uholanzi kwenye hosteli ya wahamiaji ya Villawood, Sydney, na hao wawili baadaye ndio waliosimamia rekodi za kwanza za AC/DC. Leo Villawood kuna kituo cha kuwazuilia wageni wasio na karatasi. Kila nikipita karibu na pale nawaza ni nani aliyemo ndani sasa hivi ana wimbo kichwani.

Mimi pia ni mgeni hapa. Nilipokuwa mpya, mwaka 2010, sikuwa na marafiki zaidi ya watu wa ghala. Januari ile baa iitwayo The Tote, huko Collingwood, ikafungwa. Kanuni za leseni zilikuwa zimeiweka baa yenye muziki wa jukwaani kwenye fungu la baa za hatari, hata ikibeba wasikilizaji wachache, ikalazimika kulipa walinzi ambao mapato yake hayakuwatosha. Tarehe 23 Februari Mzee akatupa ruhusa sote, tukaandamana hadi Bunge la Victoria, jimbo letu, pamoja na maelfu ya watu. Tarehe hiyo ilichaguliwa makusudi: siku kama hiyo mwaka 1976 AC/DC walipita Swanston Street wakipiga juu ya lori, wakirekodi filamu ya wimbo wao. Nilisimama kati ya watu wenye mvi na fulana nyeusi zilizopauka, wakiimba kwa kukaza shingo, na kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege sikujiona mtazamaji. The Tote ilifunguliwa tena mwaka huohuo. Mwaka 2023 watu walichangishana zaidi ya dola milioni 3 ili isiuzwe kwa wajenzi wa maghorofa.

Vyumba vingi havikupata bahati hiyo. Polisi walianza kupima pumzi za madereva barabarani, Victoria mwaka 1976, New South Wales (jimbo la Sydney) Desemba 1982, na mtu aliyekuwa akiendesha kilomita arobaini kwenda kusikiliza bendi na kunywa akaanza kubaki kwao. Hilo Mzee halilaumu. Amezika watu wa ajali. Analolaumu ni mashine za kamari. Miaka ya 1990 zikaingia kwenye baa, na mwenye baa akaona kwamba jukwaa linakula nafasi wakati mashine haili, hailewi, haiombi chakula cha jioni. Majukwaa yakang'olewa. Wapiga gita wachache walikuwa na mirabaha ya kuwashikilia. Wabebaji hawakuwa na chochote: hakuna pensheni, hakuna bima, migongo imekwisha, masikio yanalia usiku kucha. Wengi walikufa mapema, wengine kwa mikono yao wenyewe. Mwenzake wa taa alikuwa mmoja wa hao. Hili naliandika kwa uchungu, kwa kuwa majina ya wanamuziki yamepewa hadi vichochoro hapa mjini na hawa hawajapewa hata kibao.

Ndiyo maana nilifurahi sana chama cha mafundi na wabebaji hao, Australian Road Crew Association, kilipoanza kutoa rekodi zilizonaswa na mafundi wenyewe kwenye mikseri miaka ile, mapato yakienda kuwasaidia wenzao walioanguka.

Gerejini leo tumekuta za Mzee. Kasha la viatu, kaseti thelathini na moja, maandishi ya penseli. Tukachukua moja ya 1979, ya bendi ambayo haikuwahi kutoa santuri. Sauti ya mwimbaji iko mbele kabisa, gita linasikika kwa mbali sana. Mzee akanieleza: amplifaya ya gita ilikuwa tayari inapasua chumba, hivyo hakuipitisha kwenye mikseri, na kaseti hunasa kile tu kilichopita kwa fundi. Watu unawasikia kupitia maiki ya mwimbaji, kama umati ulio nyuma ya mlango.

Wimbo wa mwisho ukaisha, makofi, mwimbaji akashuka. Nikanyoosha mkono nizime. Mzee akanizuia.

Mkanda uliendelea kuzunguka. Glasi zinakusanywa. Fagio. Kitu kizito kinaburutwa. Halafu sauti ya kijana, nikaitambua kuwa ni yake yeye, ikauliza: "Nani anaendesha?"

Kimya kidogo. Sauti nyingine, imechoka, iko karibu na maiki: "Mimi. Nenda kalale."

Kisha mtu akachomoa waya. Mzee akarudisha kaseti nyuma kidogo, akabonyeza tena.