Mausi inaburutwa, programu imelala

Jana usiku nimekaa mpaka saa nane nahangaika na kaprogramu ka kuchorea kwa lugha ya Java, ile Swing ya zamani (maktaba yake ya kutengenezea madirisha na vitufe), unabonyeza mausi unaburuta mstari unatokea, basi. Sasa mi nikaweka kodi (code) yangu kwenye mouseMoved, ile sehemu Java inaiita mausi ikitembea, si mausi inatembea jamani? Nikitembeza bila kubonyeza namba za x na y zinamiminika, nikishikilia kitufe tu, kimya. Nikajua mausi imekufa, nikachomoa nikachomeka tena, wapi!

Kumbe ukishashikilia kitufe Java haiiti tena mouseMoved, inaita mouseDragged, na hizo mbili ziko MouseMotionListener (msikilizaji wa mwendo wa mausi) wakati mousePressed, ya kubonyeza, iko MouseListener (msikilizaji wa vitufe vyake), kwa hiyo lazima usajili Listener zote mbili ili programu izisikilize, na mi nilisajili moja.

Mstari ukatoka, ila ukiburuta fasta unakuwa vidotidoti kama choroko zimemwagika, maana taarifa za mausi haziji kwa kila pikseli (kanukta ka skrini). Dawa yake, kwenye mousePressed unatunza x na y, halafu kila mouseDragged unapiga drawLine toka pointi ya mwisho hadi hii mpya, na hii mpya ndo inakuwa ya mwisho. Kifutio sijakigusa bado.