Jinsi nilivyotatua "unknown filesystem" kwenye GRUB ya zamani

Mfumo wa Linux ulipandishwa toleo, /boot (sehemu ya diski yenye faili za kuwashia mfumo) ikaformatiwa upya kwa ext4, na mashine ikaishia kwenye `grub rescue>`, yaani hali ya dharura ya GRUB, programu inayoanzisha Linux. Kurudisha kerneli ya awali hakukusaidia. Grub-install nayo iligoma. Diski yenyewe ilikuwa nzima.

Kisa chake: kuanzia e2fsprogs 1.47.0 (zana za mifumo ya faili ya ext), mkfs, amri ya kuformati, huwasha metadata_csum_seed (sifa ya ext4 inayohusu checksum) bila kuulizwa, na GRUB 2.06 isiyo na kiraka haiijui kabisa.

Washa mashine kwa flashi yenye Linux, hakikisha /boot haijapachikwa (hapa ni sda2), kisha:

e2fsck -f /dev/sda2
tune2fs -O ^metadata_csum_seed /dev/sda2

Usisahau hiyo `^`. Bila yake unaomba sifa iwashwe, si izimwe. Kagua kwa `dumpe2fs -h`: jina lake lisionekane tena kwenye mstari wa features. Sifa nyingine ya ext4, orphan_file, iache ilivyo, GRUB haiijali.