Ukipata 429, usirudie papo hapo

Msimbo wa 429, jibu ambalo seva huipa programu inayoiomba data, umo kwenye viwango vya HTTP (kanuni za mawasiliano ya wavuti) tangu 2012, kupitia waraka wa RFC 6585. Unakwambia ombi lako halina kosa, ila umeomba mara nyingi mno kwa muda mfupi. Programu nyingi huudhania hitilafu ya mtandao, zikarudia hapo hapo. Baadhi ya seva huhesabu hata maombi yaliyokataliwa, kwa hiyo anayegonga bila kupumzika anajirefushia adhabu.

Chukua GitHub, tovuti ambako watengenezaji huhifadhi programu zao. Bila tokeni (ufunguo wa kukutambulisha) unaruhusiwa maombi 60 kwa saa, na kinachohesabiwa ni anwani ya IP, si mtu. Ofisi ya Kijitonyama yenye watu 12 kwenye ruta moja inagawana hayo 60: matano kila mmoja! Weka tokeni hata kama data ni ya wazi, upate 5,000.

Heda (mstari wa maelezo unaoambatana na jibu) ya x-ratelimit-remaining inaonyesha yaliyobaki. Isome kabla hujakwama. Inayosumbua zaidi ni x-ratelimit-reset, inayotaja wakati hesabu itakapoanza upya, maana inahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa UTC, saa ya kimataifa. Namba 1767258000 ni tarehe 1 Januari 2026, saa 6 kamili mchana hapa Dar, lakini UTC ni saa 3 asubuhi. Programu ikiichukua hiyo saa 3 kana kwamba ni ya Dar, itaona muda umeshapita na haitasubiri hata kidogo. Achana na kubadilisha saa: toa sekunde za sasa kwenye namba hiyo, zinazobaki ndizo za kusubiri.

Ukiona heda ya Retry-After, inayosema usubiri hadi lini, ifuate kuliko hesabu yako yoyote. Huja kama idadi ya sekunde au kama tarehe kamili, hivyo jiandae kusoma zote mbili. Isipokuwepo, subiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8, na kila mara ongeza kipande cha sekunde cha kubahatisha. Bila hicho, programu 20 zilizokataliwa pamoja zitarudi pamoja, kama abiria wa Mbagala kwenye mlango mmoja wa daladala. Jaribio la sita likigoma, simamisha kazi na uandike kwenye logi.

Kwenye malipo kuwa mwangalifu zaidi. Ombi lililokatika bila jibu si sawa na 429: huenda pesa imeshakatwa. Uliza hali ya muamala kwanza, ndipo urudie, kwa namba ile ile ya kumbukumbu.

Nafuu kubwa, hata hivyo, ni kuomba kidogo. Hifadhi ETag (alama ya toleo la data) ya jibu la mwanzo na uirudishe kwenye heda ya If-None-Match ya ombi linalofuata. Data isipobadilika utajibiwa 304, yaani hakuna jipya, na GitHub haikuhesabii ombi hilo ukiwa na tokeni.