Video za muziki, Dar na Tanga: kumbukumbu ya mradi wangu

4 Januari

Leo nimemwaga kila kitu sakafuni: VCD 73, flashi nne, diski moja ya nje na simu mbili za zamani zilizojaa klipu. Ninachotaka ni kidogo tu. Nyimbo zote zenye picha zikae kwenye kifaa kimoja nyuma ya TV, mtu ashike rimoti amtafute mwimbaji kwa jina. Halafu nakala ileile iwe Tanga kwa mama, Ngamiani, ambako deki ilikufa mwaka juzi na mwenyewe hataki kabisa kutazama taarabu kwenye simu. "Simu ya kuongelea," anasema, na mjadala unaishia hapo.

Kwangu nina kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye LibreELEC, mfumo ambao ukiwaka unafungua Kodi, programu ya kupanga na kucheza video, na hauna kazi nyingine. Kwa mama kuna kisanduku cha Android, nacho nimekiwekea Kodi. Katikati kuna kilomita kama 350 na bando ambalo halitoshi kupitisha video hata za siku moja. Kwa hiyo kazi ya kusawazisha itafanywa na diski ndogo ya bluu, itakayopanda basi.

Nilipoanza kufungua mafolda ndipo nilipojua kazi iko wapi. Nina faili 31 zinazoitwa AVSEQ01.DAT. Zilizotoka WhatsApp zinaanza na VID, kisha msururu wa tarakimu. Zilizoingizwa kwenye flashi kibandani zina majina kama "kali mpya 07", na hiyo kali mpya ina umri mkubwa kuliko kibanda chenyewe.

12 Januari

VCD zimenila wiki nzima. Ukiichomeka kwenye laptopu yenye Linux, folda ya MPEGAV unaiona, faili unaliona, ukilinakili linagoma katikati. Nikajua sahani zimechubuka. Nikasugua tano kwa dawa ya meno kama tulivyokuwa tukifanya enzi za deki. Mbili ziling'aa kama kioo na hakuna hata moja iliyonakilika. Kumbe mikwaruzo inasingiziwa. Video ya VCD imeandikwa kwa vipande virefu kuliko vya data ya kawaida, na vile virefu havina ile akiba ya kurekebishia makosa, kwa hiyo ukinakili kwa njia ya kila siku kompyuta inachanganyikiwa. Programu ya vcdxrip inavisoma inavyotakiwa. Sahani 66 kati ya 73 zimetoka. Saba zilizobaki nimezitundika dirishani zifukuze ndege.

Faida ya VCD ni wepesi. Dakika moja ni kama MB 10, kwa hiyo wimbo wa taarabu wa dakika 15 unaishia MB 150 tu. Hasara yake ni picha: nukta 352 kwa 288, ambazo kwenye TV kubwa unaziona kama uko ndani ya chandarua. Sijazipamba. Nilijaribu programu moja ya kunoa picha, ikampa mwimbaji uso wa sanamu ya duka la nguo, nikaifuta. Kitu kimoja ambacho usikubali ni TV kuinyoosha picha ya 4:3 ijaze kioo kizima, maana ukumbi wote unanenepa kwa mpigo. Kodi iache kwenye mwonekano wa kawaida, na ile mistari myeusi ya pembeni uizoee.

Sahani nyingine ni onyesho zima kwenye faili moja, zikahitaji kukatwa wimbo kwa wimbo. Ukitumia programu ya ffmpeg na `-c copy` unakata bila kuichakata video upya, ila kisu hakianguki pale ulipotaka. Kinaangukia kwenye picha kamili iliyo karibu, maana picha nyingine zinahifadhi mabadiliko tu. Kwenye Bongo Fleva ungesikia neno la kwanza limemezwa. Kwenye taarabu kinanda na fidla vinatangulia muda mrefu kabla mwimbaji hajashika maiki, kwa hiyo nusu sekunde ikipotea hakuna atakayeidai.

25 Januari

Majina sasa. Kodi inaweza kuvuta taarifa za video kutoka mtandaoni, na kwa wasanii wakubwa wa siku hizi ilinipatia chache. Kwa taarabu na dansi nilipata ukimya. Nimezima kuvuta na kuamua kuandika mwenyewe mafaili ya NFO. NFO ni faili dogo la maandishi linalokaa pembeni ya video likiwa na jina lilelile. Ndani yake unaandika jina la wimbo, msanii, albamu na mwaka. Kodi inalisoma na kuliamini kuliko inavyoamini mtandao. Zaidi ya hayo, NFO inasafiri na video. Hifadhidata ya Kodi yenyewe sitaigusa wala kuinakili. Tanga wataingiza folda, watabonyeza kusasisha maktaba, basi.

Lakini msanii ni nani? Hapo nimekaa siku mbili. Chukua bendi moja tu ya dansi. Ilizaliwa 1964 kama NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika ikawa JUWATA Jazz, kikabadilika tena ikawa OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Nikiziandika kama bendi nne, baba mdogo akitafuta Msondo atakosa nusu ya nyimbo. Nikiziandika zote Msondo, nitakuwa nimeandika uongo kwa wimbo wa enzi za JUWATA. Halafu watu nao hawakai. Muhidin Gurumo peke yake alipita NUTA, Mlimani Park na Safari Sound kabla ya kurudi nyumbani.

Nilichoamua: kwenye msanii naandika jina la bendi la wakati ule, kwenye mstari wa pili wa msanii (NFO inaruhusu zaidi ya mmoja) naandika mwimbaji nikimjua, na chini naweka lebo "Msondo". Lebo hiyo inalisha orodha inayojijaza yenyewe, kwa hiyo anayetaka Msondo anapata ukoo mzima, na anayetaka JUWATA anaipata kwa jina lake.

Taarabu ni kinyume. Huko kundi linaandikwa kwenye kava kwa herufi kubwa, lakini hakuna mtu nyumbani anayeuliza wimbo wa kundi. Wanauliza "ule wa Khadija Kopa", au mbaya zaidi, "ule wa yule wa gauni jekundu". Mwimbaji ametangulia, kundi limekwenda kwenye albamu. Washika kanuni wanisamehe.

8 Februari

Nimempigia mama, shikamoo ikaisha, nikamchezea vipande kwenye spika ya simu. Anamtambua mwimbaji kabla ya maneno, kwa namna anavyovuta pumzi. Tumefanya 40 kwa saa moja na nusu. Tatizo ni kwamba mama hatoi jina likaja peke yake. Bi Shakila alikuja na safari yake nzima: Black Star ya hapohapo Tanga, kisha Lucky Star, baadaye JKT, na jinsi magitaa ya umeme ya Black Star yalivyowaudhi wazee waliozoea udi na fidla. Yote hayo NFO ina mahali pa kuyaweka, sehemu ya maelezo, nami nimeyaweka.

Nikaona anaonea tabu kusikiliza simuni. Tumekubaliana kwamba diski ikifika, mdogo wangu atakaa naye mbele ya TV, afungue NFO kwenye laptopu yake na kuandika anayoambiwa.

15 Februari

Sauti imenishinda nguvu mara mbili. Nyimbo za VCD zinanong'ona, klipu mpya zinapiga kelele, na ukiacha orodha ijiendeshe usiku jirani anagonga ukuta. Nimezipitisha zote kwenye kichujio cha loudnorm cha ffmpeg, video ikinakiliwa kama ilivyo na sauti pekee ikichakatwa. Mara ya kwanza mafaili yalitoka na sauti yenye kiwango cha sampuli cha 192 kHz, kwa sababu loudnorm inapandisha kiwango hicho yenyewe bila kukuuliza. Ongeza `-ar 48000` na yanarudi kawaida.

Diski ya bluu imesafiri kwa mara ya kwanza. Amri niliyotumia ni ya rsync, programu inayofananisha folda mbili (nyeusi ni diski yangu yenye video zote, bluu ndiyo inayosafiri):

`rsync -av --delete --modify-window=1 /mnt/nyeusi/video/ /mnt/bluu/video/`

Ile `--modify-window` nimeiongeza baada ya kukesha. Diski ya bluu ilikuwa na muundo wa FAT32, ambao saa yake inahesabu kwa hatua za sekunde mbili, hivyo rsync iliona karibu nusu ya mafaili yana tarehe tofauti na kuanza kuyanakili upya kila nikijaribu. FAT32 hiyohiyo ilikataa nyimbo zenye alama ya kuuliza kwenye jina, na taarabu bila maswali si taarabu. Nimeziondoa kwenye majina ya mafaili na kuziacha ndani ya NFO.

8 Machi

Diski imerudi na kondakta yuleyule. Mdogo wangu ameandika: mama amemaliza nyimbo 187 kwa wiki tatu, kila jioni baada ya magharibi. Mpango ulikuwa nichukue kwanza NFO za Tanga, kisha nisukume video mpya, irudi na basi la asubuhi.

Nilikuwa na haraka. Nikabonyeza mshale wa juu wa kibodi nikaipata amri ya zamani, nikabonyeza. Diski nyeusi ilikuwa imechomekwa ila mfumo haukuwa umeipandisha, yaani kuifungua isomeke, kwa hiyo /mnt/nyeusi/video/ ilikuwepo kama folda tupu niliyoiunda siku za majaribio. Kwa rsync, chanzo kitupu si kosa. Ni maagizo. Ikafanya kile `--delete` inachosema: ifanye bluu ifanane na hewa. Majina yakapita kwenye kioo yakikimbia, kila mstari ukianza na "deleting", nami nikidhani inafuta takataka.

Nilipoelewa, nikafanya kosa la pili. Nikaipandisha nyeusi na kuanza kunakili video zote upya papo hapo ili niwahi basi. Zilikuwa zimeingia GB 30 nilipokumbuka kwamba NFO za mama hazipo popote pengine, na kila kinachoandikwa kwenye diski kinaweza kufunika kilichofutwa. Nilijaribu kuzifukua kwa PhotoRec. Nimeokoa tisa.

Video zote zipo. Kilichopotea kingetosha kwenye barua pepe moja.

9 Machi

Sijalala vizuri ila nimeandika hati ya amri badala ya kutegemea kumbukumbu ya mshale. Kwanza, kwenye mzizi wa diski nyeusi nimeweka faili tupu linaloitwa NIPO. Hati isipoliona, inasimama. Pili, NFO zinakuja kutoka bluu kabla ya chochote, kwa rsync iliyoambiwa ichukue `*.nfo` tu, yenye `--update` na isiyo na `--delete`. Tatu, kufuta kunafanyiwa majaribio kwanza kwa `-n`, na hata kukiwa kwa kweli kumewekewa `--max-delete=20`, kusizidi mafaili 20. Bluu nayo nimeihamishia muundo wa exFAT. Saa yake ni ya kuaminika zaidi, ingawa alama ya kuuliza bado haitaki.

Simu kwa mama nimeipiga mchana, baada ya kula. Nikamweleza kwamba maandishi yamefutika na aliyeyafuta ni mimi.

"Yote?"

"Yamebaki tisa, mama."

Kimya kidogo. Kisha: "Haya mwanangu, lete tena. Mle kuna mmoja nilimsingizia."

29 Machi

Mama na mdogo wangu wamefika nyimbo 140. Mdogo wangu anatuma NFO peke yake kila Ijumaa kwa WhatsApp, zimefungwa kwenye zip isiyofika hata MB moja. Sijui kwa nini sikuliwaza hilo tangu Februari. Diski inabaki kwa ajili ya video.

Majibu ya mara hii si yaleyale. Aliyesingiziwa ni yule wa gauni jekundu: mama alimwandika kama mwimbaji, sasa anasema yule alikuwa muitikiaji tu siku ile, mwenye wimbo anaonekana kwa sekunde chache akitunzwa noti na wageni. Nimeitazama mara tatu na ni kweli, maiki iko kwa mwingine.

Folda ya "Hawajulikani" ina video 38. Mama ameagiza ziwe za kwanza kwenye diski inayoondoka kesho, kwa sababu amemkaribisha jirani wa barabara ya kumi na nne, ambaye aliwahi kuitikia kwenye kundi moja la pale, na ameshamwambia aje na miwani.