Barua ya baba na cherehani ya mama

Mimi na mdogo wangu wa kiume hatujawahi kumpigia kura mtu mmoja. Tumekulia nyumba moja, tumelala chumba kimoja, lakini kodi ikipanda mimi nauliza kama hela itafika hospitali, yeye anauliza nani anakwenda kuila. Mwezi uliopita tulibishana kwenye simu mpaka salio likakata. Alichosema kabla halijakata ndicho kilichonikaa: "Dada, wewe huna siasa. Wewe una ile barua tu."

Niliumia siku mbili. Nilikuwa naamini misimamo yangu nimeipata kwa kusoma na kupima mambo. Kumbe mwenzangu aliniona muda mrefu kama mtoto aliyeshika karatasi.

Barua yenyewe ilikuwa nusu ukurasa. Baba alikuwa fundi wa mashine kiwandani, miaka 19. Siku hiyo alirudi mapema, hakuvua viatu, akanipa niisome kwa sauti. Kusoma alijua vizuri kabisa; nadhani alitaka kusikia kama na mimi nitaelewa vilevile alivyoelewa yeye. Kampuni ilisikitika. Jina lake lilikuwa limekosewa herufi moja. Na sentensi ya mwisho, baada ya kumshukuru kwa utumishi wake, ilimtaka arudishe ovaroli na buti kabla ya Jumatatu. Nikaisoma mara mbili. Nilikuwa na miaka 18.

Jioni ile walikuja watu wawili wa chama cha wafanyakazi. Mmoja alitoa daftari, akamuuliza baba jina lake kamili, akaliandika polepole, herufi zote zikiwemo. Ukiniuliza siasa zangu zilizaliwa lini, ni pale, kwenye ile kalamu. Mpaka leo mtu akisema wafanyakazi hawahitaji chama, mwili unakataa kabla akili haijajibu.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 9. Barua haikumbuki hata kidogo. Anachokumbuka ni cherehani: alikuwa akikaa chini ya meza na sumaku, akiokota pini zilizoanguka, huku mguu wa mama ukikanyaga pedeli juu ya kichwa chake mpaka usiku. Kwake yeye hakuna aliyekuja kutuokoa. Mguu ule ndio uliolipa ada yake. Halafu akakua, akafungua karakana ya kuchomelea vyuma, akaenda ofisi moja mara kumi na moja kufuata kibali kimoja. Mara ya kumi na moja aliambiwa mwenye mhuri yuko likizo. Wakati huohuo mimi nilikuwa nimeajiriwa hospitali ya umma, nikiwapokea watu ambao wangeachiwa mifuko yao tu wasingefika asubuhi. Kila mmoja alikuwa anaongeza ushahidi kwenye kesi aliyokwisha kuihukumu utotoni.

Nikaanza kutafuta waliolichunguza jambo hili. Wachumi wawili, Paola Giuliano na Antonio Spilimbergo, walipitia majibu ya Wamarekani wa vizazi mbalimbali wakaona kwamba waliokutwa na mdororo wa uchumi wakiwa na miaka 18 hadi 25 huelekea zaidi kuamini kuwa kufanikiwa ni bahati kuliko juhudi, na hutaka serikali igawe zaidi kwa wasionacho. Niliposoma hapo nilijiona nimepigwa picha bila kuombwa ruhusa.

Lakini kilichonishtua zaidi ni ile bahati nasibu ya jeshi la Marekani. Tarehe 1 Desemba 1969 walichomoa tarehe za kuzaliwa, kila moja ikiwa ndani ya kidonge cha plastiki, kutoka kwenye chombo cha kioo ili kupanga nani aitwe kwanza wakati wa vita vya Vietnam. Tarehe 14 Septemba ndiyo iliyotoka ya kwanza. Sasa, kuna vijana ambao watafiti walikuwa tayari wameshawahoji mwaka 1965 wakiwa wanamaliza sekondari, pamoja na wazazi wao. Baadaye wanasayansi wa siasa Robert Erikson na Laura Stoker wakarudi kwenye majibu ya wanaume wa kundi hilo waliokuwa wakielekea chuoni. Waliopata namba mbaya, yaani ya kuitwa mapema, waliipinga vita ile zaidi na wakasogea upande wa siasa za kiliberali, na kwa baadhi ya mambo tofauti hiyo ilibaki miaka mingi. Hawakuwa na akili kuliko wenzao. Hawakulelewa tofauti. Kidonge cha plastiki kilichukuliwa na mkono wa mtu, basi.

Na kila mmoja wao, nina hakika, angekupa hoja nzuri tu ya kwa nini anaamini anachoamini. Mimi pia ninazo. Sizitupi, hoja inaweza kuwa ya kweli hata kama ulifika kwake kwa mlango wa msiba. Ila siku hizi nikibishana na mdogo wangu najikuta namuuliza zaidi kuhusu zile safari kumi na moja kuliko kuhusu asilimia za kodi. Ananieleza kuhusu benchi la pale korido lililokosa mguu mmoja, watu wakakalia upande mmoja tu. Kwa mara ya kwanza ninamwelewa, na bado sikubaliani naye.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mama. Nikamweleza ugomvi wetu wote, barua upande huu, cherehani upande ule. Alicheka mpaka akaweka kitambaa chini.

"Ile cherehani ilinunuliwa kwa kiinua mgongo cha baba yenu," akasema. "Bila chama kupiga kelele wasingemlipa."

Nikafurahi haraka mno, kwa sababu hakuwa amemaliza. "Na yule mwenye daftari unayemsifu, alichukua mchango wetu wa kufuatilia kesi, hatukumwona tena. Waliopiga kelele ni wengine."

Nilimpigia mdogo wangu palepale, nikaweka spika. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo katika miaka yote hii hakuna kati yetu aliyewahi kuliuliza: "Mama, wewe huwa unampigia nani?"

"Kura ni siri," mama akajibu, akaninyooshea sindano nimtungie uzi, kwa kuwa macho yake siku hizi hayalioni tundu.